Ali, Mtoto wa Hassan, Mjukuu wa Ali

Mpwa wangu alinipigia simu usiku kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye lililomsumbua: mkewe alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua, na wazee walikuwa wameshaamua kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Ali, jina la marehemu shemeji yangu. "Mjomba, wewe umekaa masijala miaka yote hiyo. Kina Ali si wamezidi?"

Kukaa masijala ya hospitali ni kuishi na majina ya watu. Nimepanga mafaili miaka ishirini na kitu, na faili kupotea hakujawahi kunitisha sana. Linalonitisha ni faili kupatikana: unaita jina dirishani, mtu anaitikia, anapewa faili, anaingia nalo kwa daktari, kumbe ni la mwingine mwenye majina yale yale matatu. Mimi mwenyewe limenikuta, nikiwa upande wa pili wa dirisha. Hospitali moja niliyokwenda kwa ajili ya goti iliniandalia dawa za kisukari. Sina kisukari. Mwenye nacho alikuwa benchi la nyuma yangu, kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aache kuhesabu kina Ali. Achukue karatasi, aandike mtoto ataitwaje kwa ukamilifu.

Wenzetu wa Ulaya wengi wana jina la ukoo linaloganda, vizazi kwa vizazi. Huku kwetu, hasa pwani na visiwani, mtu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Jina linasogea. Unalompa mwanao leo ni la kwanza kwake, litakuwa la pili kwa watoto wake, la tatu kwa wajukuu, kisha linadondoka. Iceland wana utaratibu wa karibu na huu: mtoto wa Jón huandikwa Jónsson, wa kike Jónsdóttir, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza, wengi wakiongeza na kazi zao ili wasichanganywe. Huku mtaani tunaongeza urefu: Juma Mrefu, Juma Mfupi.

Sasa hesabu, ya mfano tu. Tuseme katika kila wanaume mia moja, watano wanaitwa Juma, watano Hassan, watano Ali. Zidisha moja ya ishirini mara tatu, unapata mmoja katika 8,000. Maana yake katika kila wanaume milioni moja, 125 wanaitwa Juma Hassan Ali. Badilisha jina moja kati ya hayo matatu, lolote lile, liwe la mtu mmoja kati ya 2,000. Wale 125 wanapungua hadi mmoja, labda wawili. Ndiyo maana simwelewi mzazi anayekesha akitafuta jina ambalo dunia haijalisikia, ilhali yeye mwenyewe au baba yake ana jina la nadra. Huyo anaweza kumwita mwanawe Mohamed akalala usingizi.

Mpwa wangu hana bahati hiyo. Yeye ni Hassan Ali, na mwanawe angekuwa Ali Hassan Ali. Hapo jina la tatu halimwambii karani jambo jipya. Katika nyumba inayorudisha jina la babu kwa mjukuu, ukishajua la mtoto umeshajua na la babu. Kama kila familia ingefanya hivyo, tungezidisha mara mbili tu badala ya tatu, na akina Ali Hassan Ali wangekuwa 2,500 katika kila milioni. Desturi yenyewe ni nzuri na haina tabaka. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyekuwa rais kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Lile Karume la mwisho ndilo linalookoa jahazi. Familia nyingi hazina Karume.

Kuna jambo ambalo watu hulichanganya: jina la wengi kwa urithi na jina la wengi kwa mtindo. Marekani mwaka 1880, wavulana takriban wanane katika kila mia waliitwa John; leo Liam, linaloongoza huko, hupewa mmoja hivi katika mia. Jennifer lilishika namba moja kwa wasichana kuanzia 1970 hadi 1984, likapisha mengine. Jina la mtindo huja kama mvua ya vuli, na watoto wake huota pamoja. Nenda darasa moja la Nairobi au Dar es Salaam uwahesabu akina Brian. Jina la urithi halina msimu. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hivyo akina Kamau na Njoroge wako wa kila umri.

Kwa masijala tofauti hiyo ni kubwa. Swali la pili la karani mwenye akili, baada ya jina, ni tarehe ya kuzaliwa, na hata namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, huanza nayo. Akina Ali wawili mara nyingi watatenganishwa na tarehe: mmoja ana miaka 60, mwingine 9. Akina Brian wa mwaka mmoja itabidi uwaulize na kata wanayoishi. Yule aliyeniandalia dawa za kisukari angeuliza nimezaliwa lini, tusingefika dirisha la dawa.

Kubadilisha tahajia ndiyo dawa mbaya kuliko zote. England na Wales huhesabu kila tahajia peke yake. Mwaka 2023 Muhammad liliongoza kwa wavulana, zaidi ya 4,600, na Mohammed na Mohammad nayo yakawa ndani ya mia ya kwanza, kila moja kwa safu yake. Takwimu zinaruhusu hivyo. Dirishani karani huandika anachosikia, na sikio halina herufi mbili za m. Mtoto mmoja anaishia kuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye cheti cha shule na Mohammedi kwenye kadi ya bima, halafu mzazi anazunguka na hati za kiapo kuthibitisha kwamba hao watatu ni mwanawe mmoja.

Nilimkumbusha mpwa wangu na jingine dogo: jina la mtoto wa kwanza ni la mama yake pia. Tangu siku hiyo mtaa mzima utamwita mkewe Mama Ali, na kwenye mtaa wao nawajua Mama Ali wawili.

Hata hivyo sikumwambia aache. Jina la wengi lina watu wake. Ali atapata somo kila aendako, na somo huanza kukuchekea kabla hajakujua. Halikosewi kuandikwa. Na dada yangu angelitamka kila siku jina la mumewe aliyemzika. Nilimshauri tu achague neno moja la ukoo, hata jina la babu yake wa juu, aliingize kwenye cheti mwisho kabisa na asilitoe tena.

Alinipigia siku ya akika. Mtoto ni wa kike. Basi hesabu yangu nusu ikaenda na maji, maana kwa utaratibu wetu jina la binti haliendi kwa watoto wake kwenye karatasi. Wazazi wana uhuru nalo. Wamemwita Kazija, la bibi mzaa mama, na Kazija Hassan Ali sidhani kama wako wengi.

Kliniki wakaandika Khadija. Ameambiwa arudi Jumatatu.