Kusafirisha mifugo ziwani: Njia nyoofu si lazima iwe bora

MFANYABIASHARA anayefika Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, akiwa na ng'ombe wa kupeleka kisiwani Mfangano, ana njia tatu za kuchagua. Uchaguzi wake waweza kuamua iwapo wanyama hao watafika wakiwa hai.

Ya kwanza ni kuwapakia Kisumu katika mashua itakayopita Ghuba ya Winam kutoka ncha hadi ncha. Ya pili ni kuzunguka kusini kwa lori kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita. Ya tatu huanzia papo hapo Kisian: hufuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha Luanda K'Otieno, ambako feri huvusha magari hadi Mbita.

Kwenye ramani, njia ya kwanza ndiyo nyoofu zaidi. Hata hivyo, safari ya mifugo haipimwi kwa kilomita pekee, bali pia kwa saa ambazo mnyama atakaa juu ya maji.

Gunia la mahindi hutulia lilipowekwa, ng'ombe hatulii. Wimbi likipiga, mmoja hushtuka na kusogea, wengine humfuata, uzito ukahamia upande mmoja na chombo kikaanza kulala. Ndiyo maana hufungwa kwa kamba fupi na walio wazito huwekwa katikati.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na kuchafua ghuba alasiri, usiku hugeuka. Kwa hiyo ni heri kung'oa nanga alfajiri, na kadiri safari inavyokuwa fupi ndivyo inavyowezekana kumalizika kabla ya mawimbi. Isitoshe, gugumaji, ambalo limesumbua ghuba hiyo tangu miaka ya 1990, husukumwa na upepo na laweza kuziba gati.

Njia ya Luanda K'Otieno ina faida nyingine: wanyama hubaki ndani ya lori wakati wa kuvuka, hivyo hawapakuliwi mara mbili. Mashua huhitajika tu kwa kipande cha mwisho cha kuelekea Mfangano. Anayekwenda Rusinga haihitaji kabisa, kwani kisiwa hicho kimeunganishwa na Mbita kwa daraja.

Njia ya kusini hupita jirani na bonde la Lambwe, lenye mbung'o waenezao ugonjwa wa nagana. Mifugo haifai kushushwa huko kulishwa. Kwa vyovyote vile, sheria hudai kibali cha afisa wa mifugo kabla ya safari.

Hatari ya kujaza chombo kupita kiasi ilidhihirika Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na kuua zaidi ya watu 220. Kilikuwa kimeundwa kubeba abiria 101. Mwenye mashua anayechanganya abiria na fahali huongeza hatari juu ya hatari.