Ngoma Iliyomo Sikioni

Mwezi huu tuzungumze juu ya sauti: hutokaje kule iliko ikafika masikioni mwetu?

Ngoma wote mnaijua. Mtu anapoipiga, gusa ubavu wake kwa kiganja. Utasikia inatetemeka. Mtetemo huo ndio mwanzo wa sauti. Ngozi ya ngoma husukuma hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo husukuma ya jirani, na kuendelea. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana matofali: tofali linafika mwisho wa mstari, lakini kila mtu amebaki mahali pake.

Safari hiyo inataka muda. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Mtazameni mtu anayekata mti ng'ambo ya bonde: shoka limekwisha kutua ndipo mnasikia "ko!" Radi nayo ni hivyo hivyo. Mkiona mwanga wake, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ila hesabu hiyo ifanyieni ndani ya nyumba, si chini ya mkorosho!

Katika chuma sauti hukimbia zaidi, zaidi ya mara kumi kuliko hewani. Wakati wa ule Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947, ilijengwa reli kutoka pwani mpaka Nachingwea. Reli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mlio wa gari moshi lililo mbali hupita katika chuma cha reli na kutangulia ule unaopita hewani.

Sasa tuingie sikioni. Mwisho wa tundu la sikio pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma, upana wake kama sentimita moja. Huitwa kiwambo cha sikio. Hewa inapotetemeka, kiwambo nacho hutetemeka. Nyuma yake vipo vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo huo. Cha mwisho ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Hukipeleka mtetemo kwenye kijumba chenye majimaji, kilichojizungusha kama gamba la konokono. Humo zimo chembe zenye vinyweleo, nazo hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Chembe hizo zikifa, hazioti tena. Surua na homa ya uti wa mgongo zaweza kuziua, ndiyo maana tunawahimiza akina mama wakamilishe chanjo za watoto.

Miaka kadhaa iliyopita bibi mmoja kutoka vijiji vya Ruangwa alimleta mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la pili, kwa ajili ya kikohozi. Akaniambia, "Mama nesi, huyu ni mkaidi. Ukimwita haitiki mpaka apigwe." Nilisimama nyuma ya mtoto nikamwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Nilipomtazama, masikio yote mawili yalikuwa na usaha, na viwambo vimetoboka. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nampiga bure." Alitibiwa akahudhuria kliniki kwa miezi, na sehemu kubwa ya usikivu wake ilirudi.

Wazazi na walimu, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mwiteni kwa sauti ya chini mkiwa nyuma yake. Asipogeuka, mpelekeni apimwe. Wala msimpige kofi la sikio, kwani kofi moja laweza kupasua kiwambo, na mtoto aliyekuwa anasikia akaacha kusikia.

Sikio likitoa usaha, msitie mafuta, maziwa wala dawa ya majani. Sokoteni kitambaa safi cha pamba, kifyonze usaha, mkitoe na kuweka kingine mpaka pakauke. Kisha nendeni zahanati mapema. Mtoto huyo asiogelee mtoni wala bwawani mpaka apone.

Nanyi watoto, msitie kunde, mahindi wala vijiti masikioni. Mbegu ikiingia msimwage maji kuitoa, maana itavimba. Mwambieni mkubwa awapeleke kwa mganga. Na rafiki yako darasani akiuliza "Nini?" kila mara, usimcheke. Mwambie mwalimu amkalishe mbele, na umweleze mama yake.

Kwa leo tuishie hapa. Tukutane mwezi ujao, masikio yakiwa mazima.