Gari la shamba likigonga mbele: Anza na chasisi, rangi baadaye

MKULIMA wa nyanya hana muda wa kubembelezana na fundi. Tunda likishaiva linataka kufika sokoni, na gari likilala gereji siku mbili, tenga zinaanza kuchuruzika maji. Ndiyo maana ajali ndogo ya gari la shamba humtia mtu hasara kubwa kuliko bei ya boneti.

Mjomba wangu analima nyanya Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Anabebea mazao kwa pikapu ya zamani, Toyota Land Cruiser HZJ75, yenye injini ya dizeli ya silinda sita. Jioni moja, akimkwepa mbuzi, aligonga mti kwa kona ya mbele kushoto. Bampa lilikunjika, taa ikavunjika, fenda ikaingia ndani na boneti ikanyanyuka upande mmoja. Yeye hakuumia, lakini bima yake ilikuwa ya mtu wa tatu tu, ambayo hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Kwa haraka ya msimu alilipeleka gereji ya karibu. Baada ya siku nne lilitoka linang'aa. Alinipigia simu akisema, "Mpwa wangu, gari limekuwa jipya." Wiki tatu baadaye alipiga tena. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimelika, gari lilivuta kushoto, na boneti ilifunguka njiani akiwa na mzigo.

Kipimo cha kamba na chaki

Safari hii tulimtafuta fundi mzee wa bodi. Hakugusa nyundo. Aliliweka gari kwenye sakafu ya saruji, akashusha timazi kutoka kwenye matundu yanayolingana ya chasisi, kushoto na kulia, akaweka alama za chaki chini. Kisha alilisogeza gari na kupima alama hizo kwa mshazari, kama herufi X. Chasisi iliyonyooka hutoa vipimo viwili vinavyolingana. Vya kwetu vilitofautiana kwa milimita 22.

Baada ya hapo alipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande. Kushoto palikuwa pafupi. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika na ekseli imerudi nyuma. Taitirodi nayo ilikuwa imepinda, ndiyo maana magurudumu yalitembea kama miguu ya bata na kula tairi.

"Mzee mwenzangu," alimwambia mjomba, "walikuuzia rangi."

Namna kazi inavyofuatana

Chasisi huvutwa kwa kurudisha njia ile ile ya pigo. Fundi alilifunga gari nyuma kwenye nguzo imara, akavuta mbele kwa mnyororo na jeki ya maji, kidogo kidogo, akipima kila mara. Chuma hurudi kidogo kikiachiwa, kwa hiyo huvutwa kupita kipimo kwa kiasi kidogo. Hakuchoma kwa gesi, kwani moto mwingi hulegeza chuma cha chasisi. Tofauti ilishuka hadi milimita 3. Aliangalia pia kama kuna ufa pale sanduku la usukani lilipofungwa. Ufa hapo si jambo la kuahirisha.

Bodi ilifuata. Kwanza alikagua mipira inayobeba kebini juu ya chasisi. Kwenye gari la zamani mipira hii hukauka na kushuka, kebini ikainama, na boneti ikaonekana imepinda hata kama hukugonga kitu. Mipira iliyochoka ilibadilishwa.

Kisha alitumia milango kama kipimo, kwa sababu haikuguswa na ajali. Boneti ilipangwa kwa kulegeza bolti za bawaba, fenda zikafuata, halafu fremu ya rejeta, shoo na taa. Kila kipande kilishikizwa kwanza bila kukazwa, mpaka nafasi kati ya bati na bati ikalingana kote, kama milimita 5. Kitasa cha boneti kilifungwa mwisho. Ukikifunga mapema huvuta boneti kwa nguvu na kuficha kosa. Njiani kosa hilo hujitokeza lenyewe.

Kabla ya kuchomelea alitoa waya za betri ili umeme wa kuchomelea usiue jenereta. Pia alihakikisha feni haigusi rejeta, na rejeta haivuji. Mkulima akipuuza hapo anaweza kupoteza injini nzima kwa joto. Rangi ilikuja baada ya kupima alaimenti na kuliendesha gari likiwa na mzigo.

Hesabu ya mchumi

Je, gari kuukuu linastahili gharama hii? Usijibu kwa mapenzi. Tuseme matengenezo ni sh. 2,400,000. Kukodi gari kwa mzigo mmoja ni sh. 150,000, na kwa gari lako dizeli, dereva na uchakavu ni sh. 70,000. Unaokoa sh. 80,000 kila mzigo, hivyo fedha inarudi kwa mizigo 30. Anayepeleka mizigo miwili kwa wiki anahitaji wiki 15. Anayepeleka miwili kwa mwezi anahitaji miezi 15, naye afikirie kuuza, hasa kama bei ya gari lililotengenezwa haifikii bei ya sasa ukijumlisha na gharama ya fundi.

Kwenye hesabu ya mjomba ilibidi tuongeze malipo ya gereji ya kwanza, tairi mbili, na mzigo wa nyanya ulioharibika boneti ilipofunguka. Vitu hivyo vitatu vilizidi malipo ya fundi wa pili.

Kabla hujalipa

Mkulima, muulize fundi vipimo vya mshazari kabla na baada ya kazi, na vipimwe mbele yako. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe kwenye bati. Inapokosa kushika, chini yake kuna puti nene badala ya bati lililonyooshwa. Liendeshe gari polepole barabara tambarare na uone kama linavuta upande. Fungua na funga boneti mara kadhaa. Ikihitaji kupigwa kiganja, bado haijakaa.

Mjomba alipakia tenga zake wiki iliyofuata. Fenda ya kushoto bado ina rangi ya msingi ya kijivu, na anasema itasubiri mavuno ya pili.