Kubadilisha injini ya gari

Kubadilisha injini ya gari ni kuondoa injini iliyochoka na kufunga nyingine, mara nyingi ya mtumba kutoka Japani, ili gari la zamani lirudi kazini.

Katika bonde la Kilombero, ambako pikapu hubeba magunia ya mpunga hadi Ifakara, injini inayofaa si yenye nguvu kuliko zote bali ile ya ukoo mmoja na ya awali. Mfano ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini 2L (sentimita za ujazo 2,446). Injini 3L (2,779) na 5L (2,986) ni za ukoo huohuo, hivyo giaboksi ya zamani kwa kawaida hubaki. 1KZ-TE ya lita 3 ina turbo na nguvu zaidi, lakini pampu yake huongozwa na kompyuta. Nyaya zake peke yake humaliza akiba ya mkulima. 2L-T nayo ina turbo, ila inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka.

Kabla ya kulipa, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Risiti nayo itunzwe: kadi ya gari huonyesha namba ya injini, na mabadiliko yake husajiliwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).