Kombora Linalopita Juu ya Mawimbi

Miongoni mwa silaha zilizowahi kumilikiwa na Jeshi la Wanamaji la Kenya, yenye mafunzo mengi kwa msomaji wa kawaida ni Otomat, kombora la kupiga meli lililobuniwa na Italia na Ufaransa na kufungwa kwenye KNS Nyayo na KNS Umoja, manowari mbili zilizojengwa Uingereza katika miaka ya 1980. Lilibeba kilipuzi cha kilo 210, likasukumwa na injini ya jeti kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, na toleo lake la pili liliweza kufika zaidi ya kilomita 100.

Hata hivyo, siri ya silaha za aina hii si masafa bali ni kimo. Rada, yaani chombo kinachotuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake, huona kwa mstari ulionyooka, ilhali bahari hupinda kufuata umbo la dunia, kwa hiyo rada iliyo kwenye mlingoti wa mita 20 haiwezi kuligundua kombora linaloruka mita 5 juu ya maji mpaka libakize kilomita 28 hivi, umbali unaozidi kidogo ule wa mstari ulionyooka kutoka mtaa wa Kariobangi jijini Nairobi hadi Athi River. Kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde, mabaharia hubaki na dakika moja na nusu ya kutambua, kuamua na kujibu, tena iwapo mawimbi ya bahari hayajaichanganya rada. Mei 1982, katika vita vya Falkland, HMS Sheffield ya Uingereza ilipigwa na kombora la aina hii, Exocet ya Argentina, ikashika moto, na watu 20 wakafa.

Upeo huo huo wa rada humfunga pia mrushaji, kwani asiye na ndege au helikopta ya kumwonesha shabaha iliyo mbali huwa amenunua kilomita asizoweza kuzitumia. Kwa Kenya, ambayo kero zake baharini zilikuja kuwa maharamia na magendo, kombora hilo lilikuwa fahari kuliko hitaji, na baada ya matengenezo makubwa yaliyofanyika Italia hadi 2011, manowari hizo hazikuwa nalo tena.

Katika miaka ya karibuni walioumia ni pamoja na mabaharia wa meli za mizigo, ambazo hazina rada ya kivita wala chambo cha kulihadaa kombora. Tarehe 13 Juni 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga Verbena, iliyobeba mbao, kwa makombora mawili katika Ghuba ya Aden, wakati ambapo kampuni nyingi zilikuwa zimekwisha kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Fundi wa Kariobangi Light Industries aliyeagiza mashine Ulaya wakati huo aliilipia njia hiyo ndefu katika nauli ya kontena.