Mapanga ya Upepo na Altaneta Yake

Mkaaji wa Bujumbura hana haja ya kuelezwa upepo wa Ziwa Tanganyika ni kitu gani. Wakati wa kiangazi, alasiri, huingia mjini ukapeperusha nguo kambani na kubamiza milango. Ndipo mwenye nyumba aliyekatikiwa umeme huwaza: je, upepo huu hauwezi kuniwashia taa?

Nami niliwaza hivyo. Nilinunua altaneta kuukuu ya gari, nikachonga mapanga matatu ya mbao, kila moja urefu wa mita moja, nikayafunga moja kwa moja kwenye mhimili wake. Yakazunguka vizuri, watoto wakashangilia. Taa haikuwaka. Tena betri niliyoiunganisha ili ijae, asubuhi niliikuta imekwisha. Fundi mmoja wa Buyenzi, mtaa wa magereji, alicheka kwa adabu, akaniuliza: "Mwalimu, kwenye gari hiyo huzungushwa na nini?"

Askari aliyewahi kutunza gari la kikosi analijua jibu. Huzungushwa na injini kwa mkanda, na kwa kuwa puli yake ni ndogo, huzunguka mara mbili au tatu zaidi ya injini yenyewe. Altaneta ya kawaida haianzi kujaza betri mpaka ifikie mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Sasa tuyapime mapanga yangu. Mapanga matatu membamba, yakichongwa vyema, ncha zake hukimbia mara 6 hivi ya mwendo wa upepo. Upepo ukiwa wa mita 4 kwa sekunde, ncha hukimbia mita 24. Na duara lao lina mzingo wa mita 6 na robo. Hesabu hiyo hutupa mizunguko 230 tu kwa dakika.

Pengine utasema tuyafupishe ili yaende kasi. Kasi utaipata, lakini nguvu utaikosa, kwani upepo hukusanywa na eneo la duara: ukipunguza urefu kwa nusu, hubakiwa na robo. Duara langu, katika upepo huo, hupitiwa na wati 100 na kidogo. Mapanga ya nyumbani yakinasa theluthi, ni wati 35. Nayo altaneta ya gari haina sumaku ya kudumu. Sumaku yake huamshwa na umeme wa betri, na hula wati 25 au zaidi muda wote iunganishwapo, hata mapanga yakiwa yamesimama. Huko ndiko betri yangu ilikokwenda usiku kucha!

Kijana William Kamkwamba wa Malawi, ambaye mwaka 2002, akiwa na miaka 14, alijenga kinu cha upepo kijijini kwao, hakukwama hapo. Alitumia dinamo ya baiskeli, ambayo ina sumaku ya kudumu. Mapanga yake ya bomba la plastiki yalivuta mnyororo, mnyororo ukazungusha gurudumu la baiskeli, na gurudumu hilo kubwa likakizungusha kwa kasi kichwa kidogo cha dinamo. Mwaka 2007 alisimulia habari zake mkutanoni Arusha.

Mwenye altaneta ya gari aweza kumpa fundi aisuke upya kwa waya mwembamba wenye mizunguko mingi. Itaanza kujaza kwa mwendo wa chini, ingawa ampea zitapungua. Mimi nilichagua puli: kubwa upande wa mapanga, na ya altaneta ndogo mara tano. Mkanda nao hula nguvu, kwa hiyo upepo wa mita 4 haunifai kitu. Ukifika mita 6, nguvu yake huzidi mara tatu, nasi hupata taa na redio.

Kati ya betri na sumaku nimetia swichi, ifungwe upepo unapotulia. Swichi hiyo amekabidhiwa mke wangu, kwa sababu mimi nilikwisha kuisahau mara mbili.