USAFI WA MENO YALIYOFUNGWA WAYA

Mtumba ni mahali palipo upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, katika Ugogo, nchi ya mtama, uwele na ng'ombe. Tangu mwaka 2019 pana Mji wa Serikali, na watu wengi wamehamia huko kutoka pande zote za Tanzania. Pamoja na watu yameingia mambo mapya. Moja ni hili, kwamba pengine darasani huonekana mtoto ambaye akicheka meno yake hung'aa kwa chuma. Wenzake humshangaa, na wengine humcheka. Walakini chuma kile si pambo wala si ugonjwa. Ni kazi ya daktari wa meno. Na kama itakuwa faida au hasara, jambo hilo lategemea sana mkono wa mtoto mwenyewe.

Mtu huota meno mara mbili. Meno ya utoto ni 20, na meno ya ukubwani ni 32. Pengine taya huwa dogo na meno makubwa, hata meno hukosa nafasi, yakasongamana au yakapandana. Meno ya namna hiyo ni magumu kusafisha, na mengine hayakutani vizuri wakati wa kutafuna. Tangu zamani watu walitafuta njia ya kuyanyosha. Mwaka 1728 daktari Mfaransa, jina lake Pierre Fauchard, aliandika katika kitabu chake habari za ukanda wa chuma uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi. Siku hizi daktari hugundisha kifungo kidogo juu ya kila jino, kisha hupitisha waya mwembamba katika vifungo vyote. Waya husukuma meno polepole sana. Upande jino linakosukumwa mfupa wa taya huyeyuka kidogo, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Kwa hiyo kazi hii huchukua mwaka mmoja, miwili, au zaidi.

Basi hatari iko wapi? Kila kinywa kina vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hukaa katika ukoga, yaani ule utando laini ushikao meno. Mtu alapo kitu chenye sukari, navyo hula, kisha hutoa asidi, nayo huyeyusha madini ya gamba la jino. Mate huiosha asidi na kulirudishia jino nguvu, lakini hayafanyi kazi hiyo mara moja, yahitaji muda. Sasa, meno yenye waya yana pembe na vichochoro vingi ambamo chakula hujificha. Ukoga ukiachwa kuzunguka vifungo, kwanza fizi huvimba na kutoka damu. Baadaye hutokea madoa meupe juu ya jino, na mwisho jino hutoboka. Madoa hayo aghalabu hayaondoki kabisa. Mtoto aliyevaa waya apate meno mazuri huweza kufunguliwa waya akiwa na meno yaliyonyoka, lakini kila moja lina doa.

Kwa sababu hiyo mwenye waya hana budi kupiga mswaki kila amalizapo kula; na kama haiwezekani, basi asikose asubuhi, wala asilale bila kupiga mswaki. Kwanza husukutua maji ili makombo makubwa yatoke. Kisha huchukua mswaki wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floridi. Huuinamisha mswaki kutoka juu ya waya, akasugua taratibu mahali fizi inapokutana na jino. Halafu huugeuza akasugua kutoka chini ya waya. Baada ya hayo husafisha upande wa kutafunia na upande wa ulimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: uchafu ulio nyuma ya waya hufuatwa kwa mswaki mdogo mwembamba au kwa uzi wa meno upitishwao chini ya waya. Mwisho hutema povu, wala hasukutui kwa maji mengi, ili dawa ibaki juu ya meno. Akimaliza hutazama kiooni. Vifungo vikionekana wazi pande zote, kazi imekwisha. Vikiwa na ukungu, huanza tena.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua hunyesha miezi michache tu, na mahali pengine maji huchotwa mbali. Lakini jambo hili halihitaji ndoo. Kikombe kimoja cha maji safi chatosha.

Chakula nacho chataka akili. Ugali na mlenda havivunji waya. Lakini mahindi ya kuchoma, karanga ngumu, bisi na mifupa huvunja vifungo. Na muwa hauvunji tu, bali huacha sukari nyingi pia. Ubuyu uliopikwa kwa sukari, ambao watoto wa Dodoma waupenda sana, hunata katika waya, na mtoto huumung'unya muda mrefu, hata meno yakakaa katika asidi. Zabibu zilizokaushwa nazo hunata. Embe na muhogo wa kuchemsha vyafaa, vikikatwa vipande vidogo.

Watu wengi hutumia mswaki wa mti, nao ni mzuri; ukitafunwa ncha mpaka ukawa nyuzi laini, husafisha meno yaliyo wazi. Lakini hauwezi kupenya nyuma ya waya, na ukiwa mgumu huweza kung'oa kifungo. Mchanga haufai hata kidogo, maana hukwaruza gamba la jino. Kadhalika, katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida wako watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Huo si uchafu. Maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto ayanywaye wakati meno yake yanapojengeka hupata rangi hiyo. Kuyasugua kwa nguvu hakuiondoi, bali huumiza fizi. Floridi kidogo hulinda jino, nyingi huliharibu.

Waya ukikatika au ukichoma shavu, mtoto asiuvute kwa vidole, bali aende kwa daktari. Na siku waya uondolewapo, kazi haijaisha, kwa kuwa meno hupenda kurudi mahali pake pa kwanza. Hivyo daktari humpa kifaa cha kuyazuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika chache za kila siku ni ndogo kuliko jino lililopotea, kwa maana jino la ukubwani likiisha kung'oka halioti jingine.

MASWALI
1. Ukoga ni nini, nao huliharibuje jino?
2. Kwa nini meno yenye waya huchafuka upesi?
3. Taja vyakula vitatu visivyomfaa mwenye waya, na sababu yake.
4. Kwa nini meno ya kahawia hayawi meupe kwa kusuguliwa?